Mshauri wa hesabu hapa Kikuubo: nyota nne

Nauza vitenge kwa jumla hapa Kampala, na huyu dada huja dukani kila mwisho wa mwezi. Hana porojo. Anafungua daftari langu, anaweka kidole kwenye mstari: "Mama, ulisema mikopo ya wateja itapungua. Hii ni ya nani?" Utajikuna kichwa, lakini utajibu. Mpango wa mwaka tunauanza 1 Julai, sambamba na mwaka wa fedha wa serikali, ili kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, isitukute tumelala. Pia alinibana nitenganishe laini ya pesa za simu ya duka na ya nyumbani. Sasa karo haichomoi pesa ya mzigo kimyakimya. Nyota moja nimeikata: akichelewa hapigi simu, na bei hapunguzi ng'o.