Pioneer SX-780: nimeifufua resiva ya 1978, njooni msikie

Kabla sijaongea, sikilizeni hii. Mmeisikia hiyo "krrr, krrr"? Hapo nazungusha nobu ya sauti tu, na spika ya kushoto inakuja inapotea, inakuja inapotea. Nilirekodi siku ilipoingia mezani. Sasa nobu ileile, leo. Kimya. Nimetumia spirei ya kusafishia kontakti, nikaizungusha mara arobaini hivi, basi.

Karibuni. Hii ni Pioneer SX-780, Mjapani wa 1978, resiva, yaani redio na amplifaya kwenye boksi moja. Uso wa alumini, mita za mshale, na uzito wa kukukumbusha kiuno chako kiko wapi. Ina wat 45 kila upande kwa spika za omu 8. Najua kuna mtu anacheka, "Kaka, sabufa yangu imeandikwa wat 10,000!" Ndugu yangu, hizo ni PMPO, wat za kwenye boksi. Ifungue hiyo sabufa uangalie transfoma yake, kisha uje uangalie hii. Huko Marekani ilitoka kanuni mwaka 1974: mwenye kiwanda akitangaza wat, ziwe zimepimwa zikitoka mfululizo, pande zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo 45 ya hapa ni 45 kweli.

Haya, umeme. Geuza nyuma, soma maandishi. Yangu imeandikwa volti 120, ni ya soko la Marekani. Jamaa aliyeniuzia akaniambia, "We chomeka tu, redio hiyo." Ningechomeka kwenye 230 zetu, tungekuwa tunazungumzia msiba. (Nilishaunguza moja hivyo zamani, chapa siitaji, aibu ni yangu.) Tafuta transfoma ya kushusha umeme, na iwe kubwa, siyo ile ya kuchajia mashine ya kunyolea. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti kwa nyuma. Ukiipata hiyo, shukuru, lakini hakikisha imekaa kwenye namba sahihi.

Na hata ukiwa na transfoma, usiiwashe moja kwa moja. Oneni hapa: nimeunga balbu ya zamani, ile ya waya inayochoma mkono, ya wat 60, katikati ya njia ya umeme. Ya LED haifai. Nawasha... imewaka kidogo, imefifia. Safi. Ingewaka kama ya sebuleni na kubaki hivyo, maana yake ndani kuna shoti, na balbu ndiyo ingebeba mzigo badala ya resiva.

Ndani sasa. Kuna mafundi wakiona kitu cha zamani wanang'oa kapasita zote, vile vikopo vinavyohifadhi umeme. Mimi hapana. Nimebadilisha ndogo za njia ya sauti zilizokauka. Yale makubwa mawili ya pawa nimeyapima, bado mazima, nikayaacha. Kumbuka yanahifadhi umeme hata ukichomoa waya, usiingize vidole kwanza.

Kinachonitia wasiwasi ni hivi viwili vyeusi kwenye bati la kupoozea, STK-0050 za Sanyo. Vinabeba kazi yote ya kusukuma spika, na havitengenezwi tena. Madukani feki zimejaa, maandishi safi, ndani hamna kitu. Vikiwa vizima, usiviguse. Nimefuta tu ile krimu ya joto iliyokuwa imekauka kama chaki, nikapaka mpya. Halafu, kabla ya kuunga spika, weka mita ya kupimia volti (upande wa DC) kwenye tundu za spika. Nimepata milivolti 18 kushoto, 23 kulia. Ukikuta volti nzima, spika yako itaungua koili.

Kituko kimoja. Ukiinunua ikawa haitoi sauti kabisa, kabla hujamwita fundi angalia kitufe cha Tape Monitor. Kikiwa kimebonyezwa, resiva inasubiri sauti ya deki ya kaseti ambayo haipo. Nusu ya "mbovu" ninazoletewa ni hicho.

FM inashika vizuri. Toleo hili la Marekani linafifisha kidogo sauti za juu za stesheni zetu, ongeza trebo kidogo. Ila ukipata resiva ya soko la ndani la Japani, usiinunue: FM yao ya enzi hizo iliishia megahezi 90, stesheni zetu za juu ya hapo hutazipata.

Mimi nimetoa laki tatu, transfoma na vifaa mbali. Kwa sauti hii nisingerudisha. Ila kama STK moja imekufa, mwombe muuzaji akupe kwa bei ya chuma chakavu, au uondoke.

Haya, naweka santuri, nanyamaza. Angalieni mishale tu. Mnaona? Haijafika hata wat moja, na jirani ameshagonga ukuta.