Cessna 172N: mpole angani, lakini haisamehe hesabu mbovu

Hakuna ndege ndogo ya injini moja iliyotengenezwa kwa wingi kama Cessna 172. Ilianza kuuzwa mwaka 1956, na zaidi ya 44,000 zimeshatoka kiwandani. Aina ya N, ya 1977 hadi 1980, bado inaruka kwa wingi mikononi mwa watu binafsi na kwenye shule za urubani. Mabawa yako juu, magurudumu hayakunjwi, na mwendo wake ni wa taratibu kiasi cha kumpa mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Sifa hizo ni za kweli na ndege hii inazistahili. Hata hivyo, ikipata ajali ni nadra iwe bawa limevunjika. Mara nyingi chanzo chake kingeonekana mapema, ndege ikiwa bado imesimama chini. Kwa hiyo hapa tunaipima kwa swali hilo moja: ni wapi inapomwangusha rubani wake?

Tuanze na mafuta, maana hapo injini nzima hunyamaza bila ubovu wowote. Matangi ya kawaida hubeba lita 163, na kati ya hizo zinazotumika ni 151. Kwa nguvu ya asilimia 75, mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa yakiwa yamepunguzwa kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, injini hutumia kama lita 32 kwa saa. Rubani anayeuacha mchanganyiko umejaa mafuta safari nzima hutumia zaidi ya hapo, huku kwenye karatasi yake bado anahesabu 32. Ukiongezeka na upepo wa mbele, akiba inaliwa kimyakimya. Vipimo vya dashibodi si vya kutegemea: ni boya linaloelea ndani ya tangi lililounganishwa na waya za miaka zaidi ya 40. Tumia kijiti cha kupimia kilichotengenezwa kwa ndege hiyohiyo, ukitumbukize kila tangi, ndege ikiwa mahali tambarare. Na ukiiegesha kwenye mteremko, swichi ya matangi iweke upande mmoja. Ikibaki kwenye matangi yote mawili, mafuta huhamia tangi lililo chini usiku kucha, na mengine humwagika nje kupitia tundu la hewa.

Maji ni adui mwingine. Vifuniko vya zamani vya matangi, vinavyolala sawa na bawa, huchakaa mpira wake na kupitisha mvua. Toa sampuli ya mafuta kwa kikombe chini ya kila bawa, kisha fungua kile kimlango cha kuangalizia oili na uvute kitufe cha chujio la mafuta kwa sekunde nne hivi. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu, na maji huzama chini yake yakiacha mstari unaoonekana wazi. Hapa ndipo wengi hudanganyika: kikombe kikijaa maji matupu, mstari haupo, na macho yanaona kitu safi. Kiinue kikombe mbele ya bawa jeupe. Usipoiona buluu, hayo si mafuta unayoyataka. Tikisa mabawa, shusha mkia kidogo, subiri, toa tena.

Kabureta inaganda hata siku ya joto. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba, joto la ndani hushuka kwa zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo siku ya nyuzi 20 za Selsiasi yenye unyevu mwingi barafu inaweza kujijenga humo. Kwenye injini ya Lycoming ya 172N kabureta imefungwa kwenye sufuria ya oili na inapata joto kidogo. Zile 172 za kale zenye injini ya Continental O-300 hupata tatizo hili kwa urahisi zaidi. Lakini kupata joto kidogo si kinga. Dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kushuka polepole bila mtu kugusa chochote, hasa wakati wa kuteremka na nguvu ndogo. Vuta mpini wa joto la kabureta hadi mwisho, wala si nusu. Injini itakohoa na kutetemeka barafu inapoyeyuka na maji kupita, na hapo ndipo rubani mwoga huurudisha mpini mahali pake na kujimaliza. Vumilia, mizunguko itapanda. Ukiujaribu chini kabla ya kuruka na mizunguko isishuke hata kidogo, basi kebo imekatika au kile kilango cha hewa hakifunguki. Usiruke.

Kiti kinahitaji mkono wako, macho hayatoshi. Viti vya mbele hutembea juu ya reli zenye matundu, na pini huingia ndani ya tundu kukishika kiti. Matundu yakichakaa huwa na umbo la yai, na pini inakaa nusunusu. Ndege inapoanza kupaa, pua juu na nguvu zote, kiti kinateleza nyuma, rubani anashika kilicho karibu, yaani usukani, na kuuvuta. Pua inapanda hadi bawa linapoteza uwezo wa kubeba. Watu wamekufa hivyo, hadi ukaguzi wa reli hizo ukawekwa kuwa amri ya mamlaka ya anga ya Marekani mwaka 1987, na kiwanda kikatengeneza kizuizi cha pili. Uliza kama ndege unayoiangalia inacho. Kisha kaa, funga mkanda, sukuma mwili mbele na nyuma kwa nguvu mara mbili, na uangalie kwa jicho kwamba pini imezama.

Kwenye kutua, kosa la kawaida ni mwendo kuzidi. Kitabu kinataka noti 55 hadi 65, yaani maili za baharini kwa saa, flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa zimeshushwa. Anayekuja na 75 ataelea, ataona njia inakwisha, atasukuma pua chini kwa nguvu, na gurudumu la pua litagusa kwanza. Ndege inaruka, yeye anasukuma tena, na mdundo wa pili au wa tatu huvunja propela. Hata isipovunjika, nguvu ile hupita hadi ukuta wa moto ulio kati ya injini na chumba cha rubani. Kwa mnunuzi hili ni muhimu kuliko rangi mpya: ondoa kifuniko cha injini, mulika tochi kwenye ukuta huo sehemu ya chini inaposhikwa na mguu wa pua, utafute mikunjo na riveti zenye masizi meusi yanayozizunguka. Masizi hayo ni riveti inayocheza. Pedali ngumu kusogea nazo ni dalili.

Flapu za digrii 40 zinatusumbua zaidi ya kitu chochote kwenye aina ya N. Ni nzuri kwa kushuka mwinamo mkali, lakini ukiamua kughairi kutua, ndege haipandi ipasavyo mpaka uzirudishe 20 mara moja baada ya kuweka nguvu zote. Aina ya P, iliyofuata 1981, ilipunguzwa hadi 30, na tunaona ulikuwa uamuzi sahihi.

Kona ya mwisho kabla ya kutua ndiyo inayoua. Upepo ukimpitisha rubani mstari wa njia, hukaza kona na kuongeza pedali ya mguu ya upande wa ndani wa kona. Ukiinamisha ndege digrii 45 bila kupoteza kimo, mwendo wa kustoli, yaani ule ambao chini yake bawa halibebi tena, hupanda kwa asilimia 19. Kwa digrii 60, asilimia 41. Bawa moja likistoli kabla ya jingine, ndege inazunguka, na 172 huhitaji karibu mita 300 kutoka kwenye mzunguko mmoja. Kwenye kona hiyo huwa iko nusu ya kimo hicho. Honi ya onyo hulia noti 5 hadi 10 kabla, lakini haina umeme: ni tundu dogo mbele ya bawa la kushoto, na mdudu mmoja anaweza kuliziba. Weka kitambaa safi juu yake, nyonya hewa kwa mdomo, usikie sauti.

Uzito ni hesabu fupi. Mwisho wa uzito wa kuruka ni kilo 1,043. Zikitolewa kilo za ndege yenyewe, hubaki kama 400. Mafuta kamili ni kilo 109, kwa hiyo watu wanne wa kilo 80 wameshazidi kabla hata ya begi. Kuwa na viti vinne si ruhusa ya kubeba wanne. Joto na kimo cha uwanja huongeza ubaya huo, kwa kuwa injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300.

Kuhusu mawingu, kwa rubani asiye na leseni ya kuruka kwa vyombo, jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois la 1954 lingali na uzito: wanafunzi 20 waliingizwa katika hali ya kutoona nje, na wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Ongeza kwamba kipima mlalo cha ndege hii, kinachoonyesha imeinama vipi, huendeshwa na pampu ya hewa yenye vipande vya kaboni, ambayo ikifa hufa ghafla. Angalia iliwekwa lini.

Injini ya N, O-320-H2AD, ina farasi 160 na sifa mbaya kwenye kemshafti (mhimili unaofungua vali) na tapeti (vipande vinavyopokea msukumo wake), hasa ikiwashwa baridi na kuachwa wiki nyingi bila kuruka. Kata chujio la oili uangalie vipande vya chuma. Magneto zake mbili, zinazotoa cheche za kuwashia mafuta, zinaendeshwa na mhimili mmoja, jambo linaloondoa nusu ya maana ya kuwa nazo mbili. Aina ya P ina O-320-D2J yenye magneto zilizotengana. Zile za kuanzia 1996 hazina kabureta kabisa, kwa hiyo barafu ya koo imeondoka, ingawa zina sehemu 13 za kutolea sampuli ya mafuta na zote lazima ziguswe.

Kati ya N na P zilizo katika hali moja, chukua P. Ichukue N ikiwa kemshafti imeshakaguliwa na maandishi yapo, ukuta wa moto umenyooka, na reli za viti zimebadilishwa au zimepimwa.