Chanjo ya ndigana kali kwa ng'ombe wa maziwa: maoni yangu baada ya kuitumia

Naanza na jibu kwa wenye haraka. Chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, chukueni, hasa kama una ndama wa kisasa na unakaa ukanda wenye kupe wa masikio. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata haihusu chanjo yenyewe, inahusu huduma inavyomfikia mfugaji mdogo, na hapo ndo nataka kuongea kwa kirefu maana watu wanaulizana bei tu alafu basi.

Nafuga upande wa Arumeru, ng'ombe wangu ni mchanganyiko wa Friesian na Ayrshire. Kabla ya chanjo hali ilikua ile ile ya kila mfugaji wa huku, ndama anakua vizuri, anafika miezi mitatu minne, siku moja unakuta amebakiza maziwa, ukimpapasa chini ya sikio tezi imevimba, joto limefika 41, siku chache mbele anahema kwa shida na povu linatoka puani. Akifikia povu ujue umechelewa. Dawa ya kutibu ipo, buparvakwoni, na inafanya kazi vizuri ukiwahi, lakini dozi yake ni mililita 1 kwa kilo 20, kwahiyo ng'ombe wa kilo 400 anameza mfuko wako kwa mililita 20 nzima, na mara nyingi mtaalamu anaona arudie tena, hapo hujaweka nauli yake wala maziwa yaliyokatika. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wanakadiria ugonjwa huu unaua ng'ombe karibu milioni 1 kila mwaka kwenye nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika. Mimi hiyo namba hainishangazi hata kidogo, tembea kijiji chochote cha wafugaji uulize.

Sasa chanjo yenyewe. Sio kama zile za mdondo za kuku kwamba unanunua kichupa dukani unaenda kuchanja mwenyewe. Hii ina vijidudu hai vya ndigana, Theileria parva, vile vile vinavyoua. Ng'ombe anachomwa vijidudu chini ya sikio, na muda huo huo anachomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ile tunaita OTC, kazi yake ni kuvibana visimzidi nguvu wakati mwili unajifunza kupigana navyo. Yaani anaambukizwa na kutibiwa kwa mpigo. Akishavuka hapo ana kinga ya maisha, mara moja tu imetosha, na kupe wanaoendelea kumuuma malishoni wanaikumbusha hiyo kinga.

Hii kazi ilifanyika Muguga pale Kiambu, Kenya, enzi za taasisi ya utafiti wa mifugo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, miaka ya 60 na 70. Ndo maana wataalamu wanaiita mchanganyiko wa Muguga. Ndani kuna aina tatu za vijidudu, moja ya Muguga, moja ya Kiambu, na ya tatu asili yake ni nyati wa Serengeti ikapitishwa kwa ng'ombe. Walichanganya tatu kwasababu waligundua ng'ombe akipata kinga ya aina moja anaweza kuuawa na aina nyingine. Nawaheshimu sana wale watu. Ugonjwa huu ulishamsumbua hata Robert Koch, yule mwanasayansi maarufu wa Kijerumani, aliitwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1903 baada ya ng'ombe kuteketea kule, akaondoka bila kupata chanjo inayofaa. Jibu lilikuja kupatikana huku huku kwetu miongo saba mbele.

Na jinsi inavyotengenezwa ndo utaelewa kwanini sio rahisi kuipata. Kupe wadogo wanalishwa kwenye ng'ombe mwenye ugonjwa, wakikomaa wanawekwa kwenye masikio ya sungura wanyonye siku kama nne ili vijidudu vikomae kwenye mate yao, alafu kupe wanasagwa, wanachujwa, maji yake yanagandishwa. Toleo moja linachukua zaidi ya mwaka na kupe laki kadhaa. Siku hizi inatengenezwa Lilongwe, Malawi, kwenye kituo cha chanjo za magonjwa ya kupe, zamani ILRI Nairobi ndo walikua wanabeba huo mzigo. Kutoka hapo hadi kwako inasafiri kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukikauka njiani mzigo umekufa.

Hapa ndo nyota yangu ya tano inapopotelea. Chanjo inakuja kwenye mirija, mrija mmoja unachanja ng'ombe kama 40, ukishayeyushwa unatakiwa uishe ndani ya masaa machache, haurudi kwenye mtungi. Mmasai wa Monduli au Ngorongoro mwenye ndama 80 hana shida hapo, na kweli wao ndo waliotangulia, wafugaji wa asili wa kaskazini wamekua wakichanja tangu mwishoni mwa miaka ya 90, hadi mnadani ng'ombe mwenye hereni ya chanjo, ile anayovalishwa sikioni akichanjwa, anaulizwa kwa bei nzuri zaidi. Ila mimi na jirani zangu mwenye nyingi ana sita, inabidi tupigiane simu mtaa mzima, tukubaliane siku, kila mtu alete hela mapema, na wawili wakijitoa dakika za mwisho gharama inawarudia waliobaki au mchanjaji anaahirisha. Wangetengeneza mrija wa dozi 5 au 10 hata ukizidi bei kidogo, wafugaji wa zero grezingi, sisi wa kufugia bandani, tungeununua bila maneno. Hili naliomba kwa moyo wote kwa yeyote anayehusika, maana ng'ombe wengi wa maziwa nchi hii wako kwenye mabanda ya watu wenye wawili watatu.

Jambo lingine ni uzito, na hapa naomba msome taratibu. Dozi ya OTC ndo inayoamua kama chanjo itampa ndama kinga au itampa ugonjwa. Kinachotakiwa ni miligramu 30 kwa kila kilo ya mwili. Ukiwa na chupa ya asilimia 30 hiyo ni mililita 1 kwa kilo 10. Ukiwa na chupa ya asilimia 20, mililita hiyo hiyo moja inampa miligramu 20 tu kwa kilo, dawa inapungua na vijidudu vinapata nafasi. Kwahiyo mchanjaji akifika mwambie akuoneshe chupa, soma asilimia mwenyewe. Alafu mwambie apime ng'ombe kwa utepe kifuani, asikadirie kwa macho. Kuna mchanjaji alikuja kwetu akawa anaangalia ndama anasema huyu kilo 60, tulipoleta utepe ilikua 85, hiyo tofauti sio ndogo na ndama mwenyewe alikua wa jirani ambaye hana mwingine. Yule tuliyemtumia mara iliyofuata alikua anapima kila mmoja, anaandika namba ya hereni na uzito kwenye daftari, hana haraka, na wale ng'ombe wagonjwa au waliokonda sana aliwakataa kabisa, akasema mnyonge hachanjwi, mtibuni kwanza. Huyo ndo mtu wa kumpa kazi.

Baada ya kuchanjwa usikae ukidhani imeisha. Wiki mbili tatu za mwanzo fuatilia joto la ndama, maana wachache wanapata homa na tezi kuvimba, wengi inapita yenyewe ila mmoja mmoja anaweza kuzidiwa akahitaji matibabu. Mwulize mchanjaji kabla hujamlipa, akizidiwa unarudi? Na ni kwa gharama ya nani? Wapo wanaozima simu. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa OTC usiuze wala watoto wasinywe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Kwangu matokeo ni mazuri, sitaki kuzunguka. Tangu tuchanje ndama waliochanjwa sijazika hata mmoja kwa ndigana kali, na tumepunguza kupulizia dawa. Zamani ilikua mara mbili kwa wiki bila kukosa, na sababu yake ni kwamba kupe anahitaji kunyonya siku tatu nne kabla vijidudu havijakomaa na kuingia kwa ng'ombe, ukimuua kabla ya hapo umemwahi.

Nimesema kupunguza, sio kuacha. Hii chanjo ni ya ndigana kali peke yake. Ndigana baridi haigusi, kukojoa damu haigusi, moyo kujaa maji haigusi, na zote hizo zinaletwa na kupe. Nimeona watu wanatupa bomba la kupulizia siku wamevalisha hereni, baada ya miezi mtamba anakojoa mkojo kama kahawa wanasema chanjo feki. Na kama malisho yako yanachangia na nyati, mfano pembezoni mwa hifadhi, ujue kinga inapungua sana, vijidudu vya nyati ni vya aina nyingi mno kuliko zile tatu za kwenye mrija, utafiti wa Kenya umeonesha ng'ombe waliochanjwa wakafa walipolishwa pamoja na nyati. Watu wa huko wasiuziwe matumaini ya bure.

Tena kupe hawaishii kwa mifugo. Ndigana kali yenyewe haimpati binadamu, hapo tuko salama, ila pale Moshi watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008. Waliodhaniwa malaria walikua 528, waliokutwa nayo kweli 14 tu. Kuna 36 walikua na homa za riketsia, hizi za kupe, 40 walikua na leptospirosisi inayotoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, ile iliyojulikana kama homa ya mgunda ilipozuka Ruangwa mwaka 2022, na wengine homa ya Q na brusela, ambazo nazo zinatoka kwa mifugo. Hao ni watu wa kanda yetu kabisa, wengi wao wanaishi na wanyama kama sisi. Kwahiyo mtu anayeshika ng'ombe kila siku akipata homa, kipimo cha malaria kikasema hana, amwambie daktari kwamba anafuga na anatoa kupe kwa mikono. Na pumba zifunikwe, panya wasizikojolee.

Bei kwetu ilikua elfu 15 kwa kichwa pamoja na OTC na hereni, kwa kundi. Kwa mwenye ng'ombe mmoja mmoja wanaongeza ya usafiri, kwahiyo pigeni hesabu ya mtaa mzima na mkubaliane bei kabla mtungi haujafunguliwa. Ndama wa mwezi mmoja na kuendelea wanapokelewa, msisubiri wafike miezi sita.