Meza ya mbegu ya chekechea, Ujiji: nendeni, ila mrudishe

Nalima mboga nyuma ya nyumba hapa Ujiji: mchicha, mnavu, bamia, na maharage kidogo. Mbegu naichagua kwa makini, maana mbegu mbovu inakula msimu mzima. Kwa mboga za kienyeji siku hizi naanzia kwenye meza ya mbegu ya watoto wa chekechea mtaani kwetu, na naandika haya kwa wale wanaoniuliza kama ule ni mchezo wa watoto au ni huduma ya kutegemewa. Ni huduma. Lengalenga, yaani mchicha, niliyootesha kwa mbegu zao tumeila nyumbani na majirani wameila.

Meza inawekwa barazani Jumatano asubuhi, wazazi wanapoleta watoto. Walio zamu ni wa miaka mitano na sita. Mwalimu anakaa pembeni na daftari kwa sababu kuandika bado hawajui vizuri, lakini kupima, kugawa na kuhoji ni kazi yao. Hakuna pesa. Unachukua, ukivuna unarudisha mara mbili ya ulichochukua. Kipimo cha mchicha ni kizibo kimoja cha soda. Msikidharau: zile chembe nyeusi ni ndogo mno, kizibo kimoja kinatosha tuta refu, ila changanya na mchanga mkavu kwanza usije ukazimwaga zote mahali pamoja. Maharage unapewa kiganja cha mtoto.

Kilichonifanya niwaamini ni maswali yao. Nilipopeleka bamia, kabinti kalikokuwa zamu hakakupokea mpaka kaniulize: "Bibi, umezitoa wapi? Umevuna wewe?" Ukijibu kwamba umenunua sokoni, mbegu zako zinaenda kikopo cha kando, hazigawiwi mpaka zijaribiwe. Na kujaribu kwenyewe nimekuona kwa macho yangu. Wanahesabu mbegu kumi, wanazipanga juu ya kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, wanafunika, kila asubuhi wanafunua. Yule binti alikuwa anazigusa moja moja kwa ncha ya kidole: "Huyu kaamka, huyu kaamka, huyu bado kalala." Zikiamka nane au zaidi, kikopo kinapanda mezani. Zikiamka tano, zinagawiwa pia, lakini unaambiwa wazi uweke mbili mbili kila shimo. Mimi nimenunua mbegu madukani miaka yote na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia ngapi zitaota.

Mbegu hizi hazina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kama za dukani, kwa hiyo hayo maswali na hiyo sahani ndiyo dhamana uliyo nayo. Kwangu inatosha kwa mchicha na maharage. Maharage hujichavusha yenyewe, ukipanda ya njano unavuna ya njano. Nyanya za chotara hawapokei, na wako sahihi, kwa sababu mbegu za tunda la chotara zikipandwa hutoa mchanganyiko usioutarajia. Kuna mzee alikuja kuomba kokwa za tenera, ile michikichi chotara ya mawese. Mwalimu alimwelekeza TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, akatafute miche, na mimi nilifurahi sana, maana watu wanapoteza miaka kwa jambo hili. Tenera ni mtoto wa dura, mchikichi wenye kokwa la ganda nene, na pisifera, ambao kokwa lake halina ganda. Kokwa zake ukizipanda mwenyewe, kama robo zinarudi kuwa dura na robo nyingine pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Unakuja kugundua mti umeshakuwa mkubwa.

Maboga msichukue pale. Bustani ya shule ina maboga ya aina zaidi ya moja yaliyopandwa karibu karibu, nyuki wanabeba chavua huku na huku, na utakachovuna hakifanani na picha iliyochorwa kwenye kikopo. Ningependa wabakize aina moja tu. Na kipindi cha masika, unyevu huu wa ziwani, vikopo vya plastiki vinavyofungwa kabla mbegu hazijakauka sawasawa vinaota kuvu. Maharage nayo fukusi waliyatoboa. Sasa wanachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa, na naona matundu yamepungua.

Shida kubwa zaidi imetoka kwetu watu wazima. Ukutani kila nyumba ina alama yake, kwingine samaki, kwingine mtumbwi, jembe au sufuria, na ukirudisha mbegu watoto wanakuchorea jua juu ya alama yako. Alama zisizo na jua ni nyingi. Watoto wa nyumba hizo wanaziona kila siku wanapopita kwenda darasani, na inaniuma. Kama umevuna, peleka hata kizibo kimoja, usingoje mpaka uwe na gunia.

Nawapa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya maboga na kuvu. Nendeni Oktoba kabla mvua hazijashika, na mwende na karatasi yenu ya kufungia. Mgagani umewaishia kabisa. Mwenye nao shambani avune maganda yakianza tu kugeuka njano, ayamalizie kukausha kwenye ungo, maana yakikaukia kwenye mti yanapasuka na mbegu zote zinamwagika chini.