Mashine ya sikio au kipandikizi cha koklea: mzee wa Lamu apewe kipi?

Chukua fundi wa majahazi wa Matondoni, miaka arobaini ya nyundo. Ukimwamkia "shikamoo" anajibu "wapi?" Wanawe wamesikia habari za kipandikizi, wanataka baba apelekwe kesho.

Mashine ya sikio hukuza sauti, basi. Haina upasuaji, huvaliwa na kuvuliwa. Adui yake huku kwetu ni jasho na unyevu wa chumvi.

Kipandikizi hakikuzi kitu. Daktari hupasua nyuma ya sikio na kuingiza nyuzi za umeme ndani ya koklea, sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono. Kifaa cha nje hunasa sauti, na neva ya usikivu husisimuliwa moja kwa moja. Usikivu wa asili uliobaki waweza kupotea. Mwanzoni sauti huwa ngeni, ubongo hujifunza kwa miezi, na kifaa hurekebishwa mara kwa mara: mashua hadi Mokowe, kisha safari ndefu ya bara.

Ndiyo maana mashine hujaribiwa kwanza. Mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka miezi 3 ya majaribio, masikio yote mawili yawe hayasikii chini ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) katika masafa mawili ya sauti au zaidi, yaani ngazi za sauti nene na nyembamba, na mgonjwa apate chini ya asilimia 50 kwenye kipimo cha kutambua maneno akiwa na mashine. Hicho cha maneno ndicho ninachokiamini zaidi. Wazee wengi husikia sauti wasielewe. Hao ukiwakuzia, umewaongezea kelele tu.

Uzee peke yake haumzuii fundi wetu. Lakini akishika maneno mengi kwa mashine iliyorekebishwa vizuri, ningemwacha nayo.