Prosesa tatu za Taipei zapimwa kwa kazi za Mwanjelwa

Kwenye maonyesho ya Computex, Taipei, Juni 2024, Qualcomm, AMD na Intel walitambiana kwa TOPS, yaani trilioni za hesabu kwa sekunde za kitengo cha akili mnemba. Snapdragon X Elite ya Qualcomm ina 45, Core Ultra 200V ya Intel hadi 48, Ryzen AI 300 ya AMD ina 50. Kwa mwenye steshenari Mwanjelwa, hapa Mbeya, au karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ya kahawa kule Mbozi, hizo ni mbwembwe tu. Kuchapa barua na kupiga hesabu za Excel hakugusi kitengo hicho.

Snapdragon ndiyo yenye mtego. Chaji inakaa na joto ni dogo, lakini ni ARM, yaani muundo tofauti na ule wa Intel na AMD. Windows huzitafsiri programu za zamani zikafanya kazi, ila draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kifaa kama printa, haizitafsiri. Ukichomeka printa ya zamani ya USB isiyo na draiva ya ARM64, haitoi hata karatasi moja. Skana na visoma alama za vidole ni vivyo hivyo. Kabla ya kulipa, ingia tovuti ya mtengenezaji wa printa yako utafute draiva hiyo. Haipo? Rudisha hela mfukoni.

Core Ultra 200V ina viini 8 na hutumia wati 17 kwa kawaida, kwa hiyo umeme ukikatika mchana bado unafanya kazi. Ubaya wake: memori imefungwa pamoja na prosesa, GB 16 au 32, na hakuna fundi wa kuiongeza. Chukua ya 32 kama mfuko unaruhusu.

Anayehariri video za harusi aende AMD. Ryzen AI 9 HX 370 ina viini 12 na nyuzi 24. Kawaida yake ni wati 28, ila mtengenezaji wa laptopu anaweza kuipandisha hadi 54, na hapo feni huvuma na chaji huyeyuka. (Hewa ya Mbeya ni nyepesi, inapoza pungufu kidogo, baridi ya Juni inafidia.)

Sokoni kwetu naipa Intel nafasi kubwa, maana printa za zamani haziisumbui. Mtumba je? Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Dukani bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha Memory. Ukisoma "Row of chips", memori imelehemewa kwenye bodi na haiongezeki, bei ishuke.