Chipsi kuku Mombasa: pa kununua kwanza, na pa kupita bila kusimama

Kwetu Ijumaa jioni hakupikwi. Watoto wanataka chipsi kuku, na anayetumwa kuzifuata ni mimi. Nimenunua mlo huu kila mahali mjini Mombasa, kuanzia mikahawa ya kimataifa yenye matawi hadi karai la kando ya barabara, na siku hizi sifuati tena jina lililoandikwa juu ya mlango. Nauliza mambo matatu: viazi vimetoka wapi, kuku kachinjwa lini na nani, na mafuta yamo karaini tangu lini. Anayenijibu bila kukunja uso ndiye ninayempa pesa zangu. Mpangilio ufuatao umetokana na majibu hayo.

1. Mkahawa wa mtaa wenye foleni

Huu nauweka juu ya yote. Pale penye watu wengi chakula hakipati nafasi ya kulala: viazi humenywa asubuhi, vikaloweshwa kwenye ndoo ya maji, vikakaangwa mteja akiwa amesimama.

Viazi vyenyewe hushushwa soko la Kongowea kutoka bara, Meru na Nyandarua, na vingi ni vya aina ya Shangi. Wakulima wanaipenda Shangi kwa sababu hukomaa ndani ya miezi mitatu au minne, na wapishi kwa sababu huiva upesi. Lakini ina tabia moja inayomfaa mnunuzi bila yeye kujua: haikai. Wiki chache tu baada ya kuvunwa huanza kuchipua, kwa hiyo mchuuzi hana njia ya kuificha ghalani akingoja bei ipande. Kiazi unachokula mtaani mara nyingi kilikuwa udongoni si muda mrefu uliopita, na utamu wa chipsi zetu sehemu yake kubwa ni huo.

Chungulia ndoo kabla hujaagiza. Viazi vyenye rangi ya kijani vimepigwa na jua au mwanga, na ndani yake mna sumu iitwayo solanini, chungu mdomoni, ambayo moto wa karai hauiondoi. Mpishi mwangalifu hukitupa kiazi kama hicho. Mpishi mwenye haraka hukata ile sehemu ya kijani na kuendelea.

Kisha sikiliza. Mama mmoja ninayenunua kwake hana saa ukutani. Akimwaga viazi karaini, mafuta hupiga kelele kubwa, povu likapanda. Hayo ni maji ya kiazi yanatoka. Kelele inapofifia na kuwa mnong'ono, anaviopoa vikiwa bado vyeupe, anaviacha vipumue kwenye chujio, halafu anavirudisha mara ya pili kwenye moto mkali hadi vipate rangi ya dhahabu. Rangi ya dhahabu, si kahawia. Tangu utafiti uliotangazwa Sweden mwaka 2002, inajulikana kuwa vyakula vya wanga vinapokaangwa kwenye joto la juu hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi, na kadiri chipsi zinavyoungua ndivyo inavyozidi. Kwa hiyo anayesema "nizidishie, ziwe nyeusi nyeusi" anajidhulumu.

Kuhusu kuku, mkahawa mzuri wa mtaa hununua wa asubuhi hiyo hiyo, na mwenyewe anaweza kukutajia aliyemchinja. Kwa sisi tunaouliza halali kabla ya kuuliza bei, jibu hilo lina uzito kuliko cheti kilichofifia ukutani. Kuku sekela wa mahali kama hapa, aliyelala kwenye ukwaju na pilipili, akageuzwa juu ya makaa mbele ya macho yako, hana mpinzani mjini humu.

Udhaifu wake upo, na ni friji. Umeme ukikatika saa sita mchana, wengi hawana jenereta, na nyama mbichi haivumilii joto la Mombasa. Siku umeme umepotea kwa muda mrefu, nunua samaki aliyevuliwa leo au ule viazi karai, kuku mwache.

2. Mikahawa ya humu nchini yenye matawi

Ninayoipa nafasi ya pili ni ile inayojua kuku wake tangu kifaranga. Mfano ulio wazi ni Kenchic, kampuni ya Kenya iliyoanza miaka ya 1980: inatotoa vifaranga, inachinja, na jina lake limo kwenye mikahawa ya Kenchic Inn iliyotapakaa mijini. Safari ya kuku hapo ni fupi, na kukitokea tatizo kuna wa kuulizwa. Kasoro ni kwamba huyu ni broila wa wiki tano au sita. Nyama yake ni laini, haina neno lake mwenyewe, inasema kile ambacho viungo vimeiambia. Anayetaka utamu wa kienyeji atafute kuku wa miezi mitano na zaidi, na ajue atalipa karibu maradufu na atatafuna.

3. Mikahawa ya kimataifa

Wengi wangeiweka hii ya kwanza. Nitaeleza kwa nini mimi siiweki.

KFC ilifungua mlango Kenya mwaka 2011. Januari 2022 ikatangaza kwamba chipsi zimeisha, kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vikiletwa kutoka nje ya nchi na meli zimechelewa. Wakati huo huo wakulima wetu walikuwa na viazi shambani, na kiazi nchini Kenya ni zao la chakula la pili baada ya mahindi. Watu wakaja juu mitandaoni, wakataka mikahawa hiyo isusiwe. Kampuni ikajibu kwamba kila muuzaji wa viazi sharti apite ukaguzi wake wa ubora, kisha ikasema itaanza kutafuta wauzaji wa ndani. Mimi niliumia kwa ajili ya mkulima. Hata hivyo sikuliona jibu lile kuwa la uongo. Viazi vya viwandani hukatwa kwa kipimo kimoja, huchovywa kwenye maji moto, hukaangwa nusu na kugandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kazi hiyo inahitaji kiwanda na viazi vyenye wanga mwingi na sukari kidogo. Shangi haikuzaliwa kwa kazi hiyo.

Unacholipia kwenye mikahawa hii ni utaratibu. Wana kipimajoto cha kuchoma ndani ya paja la kuku kuhakikisha pamefika nyuzi 74, wana ratiba ya kuchuja na kumwaga mafuta, na wana muda maalumu ambao chakula kikiupita kinatupwa. Kwa hiyo ukiwa safarini, umeshuka basi saa nne usiku kwenye mji usioujua, au una mjamzito au mtoto mdogo, geuza mpangilio wangu na uanze hapa. Usiku kama huo usalama una thamani kuliko ladha. Siku nyingine, kwa bei ya mlo mmoja wa pale mimi nalisha watu wawili au watatu mtaani, na chipsi ni tamu zaidi.

4. Karai la usiku kando ya barabara

Ninanunua, lakini kwa masharti. Angalia mafuta kwanza. Yakiwa meusi, mazito kama asali, yanatoa moshi kabla ya kiazi kuingia na povu lake halishuki, yamechoka. Endelea na safari. Mafuta mazuri unakiona kitako cha karai ndani yake. Muuzaji asishike pesa na chakula kwa mkono ule ule. Kachumbari iache, hata ikikuvutia namna gani, kwa sababu kuku amesafishwa na moto wa karai, ila ile nyanya imeoshwa kwa maji usiyoyajua. Na usione haya kuuliza cheti cha afya. Sheria inamtaka kila anayeshika chakula apimwe na bwana afya kila baada ya miezi sita. Wenye nacho hukionyesha kwa furaha.

5. Kabati la kioo lenye taa

Hapa sinunui tena. Taa ile ya manjano hukifanya chakula kionekane cha moto ilhali ni vuguvugu tu, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndiko vijidudu huzaliana. Mwaka mmoja nilichukua paja la kuku saa kumi jioni kwenye duka moja la mjini, lililokuwa kabatini tangu adhuhuri. Binti yangu alilala hospitalini usiku mbili akiwa na dripu mkononi, na mimi ndiye niliyempa paja lile. Ukilazimika, sema ukaangiwe upya mbele yako, wakikataa, ondoka.

Ukiagiziwa kwa pikipiki, mwambie muuzaji asilifunike boksi kabisa, maana mvuke hugeuza chipsi kuwa viazi vya kuchemsha kabla hazijavuka kivuko cha Likoni.

Na uliza siku na saa ya kubadilisha mafuta. Mama ninayenunua kwake humwaga ya zamani Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri na kutia mapya saa kumi alasiri. Saa kumi na nusu mimi huwa nimeshasimama pale.